Jinsi ya kutembelea jengo la HSBC pale Central, Hong Kong: anzia chini

Ndugu zangu mnaopita Hong Kong mkienda au mkitoka Guangzhou kufuata mzigo, najua wengi wetu tunaishia Chungking Mansions pale Nathan Road, unachenji hela, unakula, unalala, kesho yake umeshavuka mpaka. Sasa kama una nusu siku ya kupoteza naomba uende ukalione jengo la HSBC. Lile ni jengo la ofisi, benki, watu wako kazini, lakini sehemu yake tamu kuliko zote haina geti wala tiketi, na wengi wanaipita tu kwa sababu wanatafuta jinsi ya kupanda juu. Hili jengo linaangaliwa kwa kuanzia chini.

Kabla hujatoka chumbani fungua pochi uangalie hela zako. Kule noti zinatolewa na benki tatu za biashara, kwa hiyo dola mia ya benki hii na dola mia ya benki ile hazifanani sura, na ukipata ya HSBC utakuta kichwa cha simba. Iweke pembeni usiitumie kwanza, huyo simba unaenda kukutana naye.

Usichukue taksi. Treni ya chini ya ardhi ipo, unashuka Central unatokea mlango wa K umefika, lakini mimi nakushauri feri inayoitwa Star Ferry. Kutoka Chungking unatembea kama dakika kumi hadi gati ya Tsim Sha Tsui, unagusisha kadi ya nauli ya Octopus, unavuka. Kampuni ile imeanza kuvusha watu tangu 1888 na nauli bado ni ndogo sana. Ukiwa majini mji wote unakuja mbele yako na utaliona jengo letu, rangi ya kijivu, limejaa mifupa nje, na kushoto kwake ule mnara wenye pembetatu za vioo, hiyo ni Bank of China iliyochorwa na msanifu I. M. Pei. Watu wa mji wana stori yao, wanasema zile kreni za kusafishia vioo juu ya HSBC zimewekwa kama mizinga inayolenga jirani. Ni kreni za kazi zile, ila ukishasikia stori huwezi tena kuziona vingine.

Unashukia gati namba 7, fuata njia ya juu ya waenda kwa miguu. Utapita Jardine House, lile lenye madirisha ya duara, ni la 1973, ghorofa 52, na madirisha yanahesabiwa 1,748. Simama dakika mbili upige picha halafu endelea hadi Statue Square. Hapo kaa kwenye benchi, usikimbilie simba kwanza, jengo liko mbele yako lote na hii ndiyo engo yake.

Sasa angalia vizuri. Jengo la kawaida sakafu zinabebwa na nguzo kutoka chini, moja juu ya nyingine kama kreti za soda. Hili halijajengwa hivyo. Kuna milingoti minane ya chuma imesimama toka chini mpaka juu, na kwenye ngazi tano za urefu wake imeshikilia viunzi vikubwa vyenye umbo la henga ya nguo, hivyo unaviona kwa nje kabisa, na sakafu zimening'inia kwenye hivyo viunzi. Zimening'inia kweli. Mtu wa Dar afikirie daraja la Kigamboni, ile barabara imeshikwa na nyaya kutoka juu, hapa ni wazo kama hilo ila limesimamishwa wima kwa karibu mita 179. Norman Foster, msanifu majengo Mwingereza, alipewa kazi 1979, jengo likakamilika 1985, na vipande vingi vilitengenezwa nje vikaletwa kwa meli, chuma kutoka Uingereza, vyoo vimekuja vizima vizima ndani ya maboksi yake kutoka Japani, wakawa wanapandisha na kufunga tu. Sisi tunaohangaika na kontena moja tunaweza kuelewa hiyo hesabu ilikuwa nzito kiasi gani.

Kwa nini ajipe shida yote hiyo? Vuka barabara ya tramu, angalia kushoto kulia maana tramu zinakuja kimyakimya, halafu ingia chini ya jengo utapata jibu. Hakuna kitu. Ghorofa ya chini yote iko wazi, upepo unapita, watu wanakatiza kutoka Des Voeux Road kwenda Queen's Road kana kwamba jengo halipo. Ukishatundika sakafu kutoka juu, chini huhitaji msitu wa nguzo, kwa hiyo ardhi ya bei mbaya kuliko karibu popote duniani imeachiwa mpita njia. Hapo ndipo mimi nilipolipenda. Inua kichwa, utaona tumbo la kioo limepinda juu yako na eskaleta mbili ndefu zimelitoboa kwenda kwenye ukumbi wa benki, zimekaa mshazari kidogo, na inasemwa wataalamu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga majengo yalete bahati, ndio walioshauri zikae hivyo.

Ukiwa na shughuli ya kweli ya benki nenda siku ya kazi upande eskaleta, ukifika katikati geuka uangalie juu, ndani kuna uwazi mrefu sana na mwanga wa jua unashuka mpaka chini. Mwanga huo unaletwa na vioo, nje upande wa kusini kuna safu ya vioo inayogeuka kulifuata jua, inalirusha ndani kwa vioo vingine vilivyo juu ya ule uwazi, navyo vinalimwaga chini. Kuona hivyo vya nje zunguka upande wa Queen's Road, panda kidogo njia ya Battery Path kuelekea kanisa la St John's, utaviona vimetokeza. Ukiwa ndani weka simu mfukoni, walinzi wako kazini na kwenye benki picha ni mpaka uombe, waombe kwa adabu wakikataa sema asante ushuke. Na usiende umebeba mabegi ya mzigo, acha chumbani.

Haya sasa simba. Wako wawili upande wa tramu, wa shaba, walitengenezwa Shanghai kwa ajili ya jengo la zamani la 1935 lililokuwa hapohapo. Anayenguruma anaitwa Stephen, aliyefunga mdomo ni Stitt, ni majina ya mameneja wa benki wa enzi zile. Zungukia mwili wa Stephen taratibu, utaona matundu ya vita ya 1941 Wajapani walipoiteka Hong Kong. Simba wenyewe walipelekwa Japani wakayeyushwe, vita ikaisha kabla hawajaguswa, wakaonekana Osaka wakarudishwa nyumbani. Watu wanawashika makucha wapate bahati na ndiyo maana yanang'aa. Toa ile noti yako sasa, mlinganishe.

Siku ya kwenda ni ipi? Kama unataka benki, siku ya kazi asubuhi. Lakini mimi ningekwambia Jumapili. Wadada wa kazi za ndani wana haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki, na Jumapili wale wa Ufilipino wanajaa Central kwa maelfu, Chater Road inafungwa magari, na chini ya HSBC kunakuwa kama mtaa, wametandika maboksi, wanakula, wanasukana, wanafunga mizigo ya kutuma kwao, wanaongea na watoto wao kwa simu. Sisi ambao dada zetu wako Oman na Dubai hatuhitaji kuelezwa kinachoendelea pale. Basi pita kwa heshima, usikanyage mkeka wa mtu, usimpige mtu picha usoni, salimia. Nilisalimia tu nikakaribishwa wali, nikakaa nao chini ya lile tumbo la kioo karibu saa nzima, na kivuli chake kilikuwa baridi wakati nje jua linachoma.

Miezi ya Oktoba hadi Desemba hali ya hewa ni nzuri, katikati ya mwaka joto na unyevu ni kama Dar ya Februari na vimbunga juu, angalia utabiri.

Kurudi panda feri jioni jua likishazama, minara inaanza kuwaka na saa mbili usiku kuna onyesho la taa pande zote mbili za maji. Egemeo za viti vya Star Ferry zinasukumwa, unaigeuza ikae upande wa pili. Geuza, ukae ukiangalia kule unakotoka.