Kabla ya kuuza hisa za kampuni yako, jua fedha zitaingia wapi

Nimefanya kazi kwa madalali wa hisa hapa Dar es Salaam miaka kumi na minne. Mwenye kampuni akija anataka kuuza hisa, kabla hatujagusa bei namuuliza: fedha zinaingia mfuko gani?

Mzee mmoja mwenye kiwanda cha unga alikuja na hesabu zake kwenye bahasha ya kaki. Hisa milioni 10, zote za familia, na alihitaji bilioni 2 za mashine. Nikamwandikia: mkitoa hisa mpya milioni 5 kwa shilingi 400, bilioni 2 zinaingia kiwandani, nanyi mnabaki na theluthi mbili. Mkiuza milioni 5 kati ya zenu, fedha ni zenu, kiwanda hakipati hata senti, na mnabaki na nusu. Aliomba kikokotoo apige mwenyewe.

Mwaka 2008 ziliuzwa hisa bilioni 10 za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Foleni zilikuwa ndefu, lakini muuzaji alikuwa serikali, hivyo fedha zilikwenda Hazina. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipouza hisa zake milioni 15 kwa shilingi 500 mwaka 2016, lilikuwa likijitafutia mtaji lenyewe.

Ukishajua hilo, safisha hesabu. Hapa ndipo wengi hukwama, na nawasihi msiharakishe. Gari la mtoto lililonunuliwa na kampuni, deni la shemeji lisilo na maandishi, kiwanja chenye hati ya jina la marehemu baba: mkaguzi ataviona vyote, na mnunuzi ana haki ya kuviona.

Kampuni binafsi hairuhusiwi kuwauzia umma hisa, kwa hiyo wanahisa wapitishe azimio iwe kampuni ya umma. Kisha mshauri na mwanasheria waandae waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni na hisa inazouza, uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Andikeni humo kila shilingi itafanya nini; "kukuza biashara" haitoshi kwa mama anayetoa akiba yake ya kikoba. Madalali hupokea maombi. Yakizidi hisa zilizopo, hisa hugawanywa kwa waombaji na fedha iliyozidi inarudishwa.

Hisa zikishaorodheshwa kwenye soko la hisa, watu huuziana wao kwa wao na kampuni haipati kitu hata bei ipande mara mbili. Ikihitaji mtaji tena, njia ya kawaida ni hisa stahiki: wanahisa waliopo wanapewa nafasi ya kwanza kununua hisa mpya, kila mmoja kwa uwiano wa alizonazo.