Somo: Kuigiza wimbi la uzi kwa Python, kwa jana, leo na kesho

Wengi wakisikia kuigiza mawimbi kwa kompyuta hukimbilia kupakua programu nzito kama Meep, ya kuigiza mawimbi ya mwanga. Zamu yake itafika. Tuanze na uzi mmoja uliofungwa ncha zote mbili, kwa Python na NumPy (maktaba yake ya hesabu) tu, zote programu huria.

Hatua ya 1. Uzi una urefu wa mita 1, kasi ya wimbi mita 100 kwa sekunde. Utie alama 201. Kati ya alama na alama ni milimita 5.

Hatua ya 2. Chagua muda wa kila hatua. Hapa ndipo watu huumia. Zidisha kasi kwa muda, gawanya kwa nafasi ya alama: jibu lisizidi 1. Sharti hili lilitolewa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, wakati hesabu zenyewe zilifanywa kwa mkono. Sisi tunachukua sekunde 0.00005, jibu ni 1 kamili. C2 hapa chini ni mraba wake.

Hatua ya 3. Andika. Safu zangu naziita jana, leo na kesho, kwa sababu kesho ya kila alama hutokana na jana yake, leo yake, na leo ya majirani wake wawili.

```
import numpy as np
x = np.linspace(0, 1, 201)
C2 = 1.0
leo = np.exp(-((x-0.5)/0.05)**2)
jana = leo.copy()
jana[1:-1] += 0.5*C2*(leo[2:]-2*leo[1:-1]+leo[:-2])
for n in range(400):
    kesho = np.zeros(201)
    kesho[1:-1] = 2*leo[1:-1]-jana[1:-1]+C2*(leo[2:]-2*leo[1:-1]+leo[:-2])
    jana, leo = leo, kesho
```

Ule mstari wenye 0.5 usiuruke: ndio unaosema uzi umeachiwa ukiwa umetulia, haukusukumwa.

Hatua ya 4. Kagua. Ukiweka 200 badala ya 400 kwenye `range`, nundu (umbo la mwanzo la uzi) inakutwa katikati, kichwa chini. Kwa 400 imerudi ilivyoanza. Hatua 400 ni sekunde 0.02, yaani hezi 50, sawa na fomula ya daftarini: kasi gawanya kwa urefu mara mbili. Isipolingana, usimwonyeshe mwanafunzi bado.

Maswali ya wanachama

*Nimeweka C2 = 1.02. Mchoro umeota meno ya msumeno, kisha namba zikawa kubwa ajabu. Kompyuta ni mbovu?*
Nzima kabisa. Wimbi sasa linavuka zaidi ya alama moja kwa hatua, na hesabu yetu humtazama jirani wa karibu tu.

*Nataka wimbi litoke, lisirudi.*
Kabla ya mstari wa mwisho weka `kesho[0] = leo[1]` na `kesho[-1] = leo[-2]`. Ni sahihi C2 ikiwa 1 tu.

*Je, ngozi ya ngoma?*
Sharti linakaza. Nafasi zikiwa sawa pande zote, C2 isizidi 0.5. Ukitaka mwanga badala ya ngoma, sasa ndiyo zamu ya Meep, iliyotoka MIT: ina tabaka la kufyonza mawimbi kingoni, kazi ambayo kwenye pande mbili ule ujanja wa mistari miwili hauiwezi.