Filta ya oili: kaza kwa mkono, spana iache

Fundi mmoja hapa Chumbageni, Tanga, kanionyesha hili wakati wa kubadilisha oili. Paka oili mpya kwa kidole kwenye ule mpira wa duara wa filta, izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse injini, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Piga alama ya kalamu ubavuni ili usibahatishe, na kama boksi la filta limeandika kipimo kingine, fuata hicho.

Kinachozuia oili ni mpira uliobanwa kiasi. Ukiwa mkavu hung'ang'ania chuma na kujikunja. Ukikazwa kwa spana huumuka na kuchomoza pembeni, na siku ya kufungua ndiyo zile kazi za kuitoboa filta kwa bisibisi.

Ila kwanza papasa pale filta inapokaa. Mpira wa zamani hupenda kubaki umegandia hapo, na mipira miwili ikipandana haishiki hata ukaze vipi. Oili inaweza kuisha kabla hujafika Pongwe, pembezoni mwa jiji.

Ukimaliza, washa injini dakika moja mbili, chungulia chini. Ikidondosha, zima na ufungue utazame, usiongeze nguvu. Kama nyuzi za kufungia filta zimelika au filta si ya gari hilo, mbinu hii haisaidii. Zile filta za karatasi zinazokaa ndani ya kikopo chenye mfuniko nazo hazimo: mfuniko wake una kipimo chake cha kukazwa.