Kuroiler si kuku wa trei

Simu nyingi ninazopokea kutoka Chanika, Kivule na Goba zinafanana: kuku wamefikisha miezi saba, wanamaliza mfuko baada ya mfuko, mayai ya kuokoteza. Nikiuliza mbegu, naambiwa Kuroiler au Sasso. Hapo hata ubadilishe chakula mara kumi, kosa lilishafanyika siku ya kununua vifaranga.

Kuroiler na Sasso ni chotara wa nyama na mayai, na sifa yao kubwa ni kujitafutia. Sasa kwenye kiwanja cha Dar es Salaam chenye ukuta pande zote atajitafutia nini? Ukishamfungia bandani, kila punje inatoka mfukoni mwako, na ule mwili mkubwa lazima ushibe kwanza.

Piga hesabu. Kuku wa mbegu za mayai tu, yaani ISA Brown, Lohmann Brown au Hy-Line Brown, akitunzwa vizuri hutaga mayai kama 300 kwa mwaka, akila gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kwa kilo 42 za mwaka mzima, yai moja limekula gramu 140. Kuroiler anayetaga 180 huku akila gramu 130 kwa siku anatumia gramu 260 kwa yai. Utaniambia mayai ya Kuroiler unayauza kama ya kienyeji, na ya kienyeji yana bei. Sawa, ila mwenye kibanda cha chipsi anayechukua trei kila asubuhi haulizi kienyeji.

Mbegu hizo tatu za mayai hutambulika jinsia kwa rangi siku ya kwanza: wa kahawia ni majike, wa manjano meupe ni madume. Wale wa bei ya kutupa wanaotembezwa kwenye maboksi mara nyingi ndio hao madume. Mnaonywa kila mwaka na bado mnanunua!

Kuanzia wiki ya 6 pima kuku 10 katika kila 100, kila wiki, saa ileile, kabla ya kulisha. Wiki ya 18 wawe karibu kilo moja na nusu. Hapo ndipo uongeze taa, nusu saa kwa wiki, mpaka mwanga wa jua na taa ufikie saa 16. Ukiwasha mapema watataga vijiyai na wengine watatokwa na kizazi. Chakula cha kutagia nacho kisubiri. Chokaa yake inaharibu figo za kuku mchanga.

Wiki ya 28, kuku 100 wakikupa trei tatu kwa siku, uko sawa.

Kabla ya kuagiza, kumbuka utalisha wiki 18 hadi 20 bila kuona yai. Kila kuku atakula kilo 6 hadi 7 katika muda huo, kwa hiyo kuku 100 wanahitaji mifuko 13 ya kilo 50. Kama fedha haifiki huko, chukua vifaranga 50 wa mbegu hiyohiyo.