Unataka kumsoma John Quincy Adams? Anzia mwisho

Wengi wakitaka kumjua huyu rais wa 6 wa Marekani wanaanzia alikozaliwa, Braintree kule Massachusetts mwaka 1767, wanapanda naye taratibu mpaka ikulu halafu wanachoka njiani, na lazima uchoke maana ile miaka 4 ya urais, 1825 hadi 1829, ndo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye maisha yake. Mi nakushauri umsome kinyumenyume. Anza na mzee wa bungeni, urais utakuja baadaye.

Kabla hujaanza, ukitafuta mtandaoni andika majina yote matatu, la sivyo utaletewa baba yake, John Adams, rais wa 2.

Haya, fungua mwaka 1831. Jamaa kashashindwa urais, watu wa nyumbani wamemchagua awe mbunge wa kawaida kwenye Baraza la Wawakilishi, na akakubali! Rais mstaafu anarudi kukaa na vijana, na akakaa miaka 17, mpaka umauti ukamkuta humo humo kwenye jengo la bunge Februari 1848. Hapa tafuta ile kanuni ya 1836, wabunge wa majimbo ya kusini yenye utumwa na wenzao walipitisha kwamba maombi yoyote ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe pembeni bila kujadiliwa. Adams akasema hiyo inavunja haki ya raia kupeleka ombi lake serikalini, akawa anasimama na maombi mkononi, wanamzomea, anasimama tena. 1842 wakataka bunge limkemee rasmi kwa sababu alileta ombi la watu wa Haverhill, mji wa Massachusetts, waliotaka muungano wa majimbo uvunjwe, ombi ambalo yeye mwenyewe alikuwa halikubali. Kujitetea kwake kukageuka kuwa mashtaka dhidi ya wenye watumwa, siku zikapita, mwisho waliomshtaki ndo wakataka yaishe. Kanuni ikafutwa Desemba 1844 kwa hoja yake mwenyewe. Sehemu hii isome pole pole, usiiruke hata kidogo.

Ukimaliza ingia kwenye kesi ya meli ya Amistad. 1839 Waafrika, wengi wao Wamende kutoka sehemu ambayo leo ni Sierra Leone, waliiteka meli iliyokuwa inawasafirisha kama watumwa karibu na Cuba, wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakaishia kukamatwa Marekani na kuwekwa mahabusu Connecticut. Adams akiwa na miaka 73 akasimama Mahakama ya Juu 1841 kuwatetea, wakashinda, na 35 waliobaki hai wakafika Afrika mwanzoni mwa 1842. Ila usimfanye malaika bwana. Ukisoma alichoandika kwa siri kwenye shajara yake 1820, wakati wa ugomvi wa kama Missouri iingie kuwa jimbo lenye utumwa, utaona tayari anaulaani utumwa kwa maneno makali, lakini hadharani akiwa waziri wa mambo ya nje alinyamaza. Weka 1820 na 1841 pamoja mezani, hapo ndo utamuelewa huyu mtu.

Sasa uchaguzi wa 1824, huu usiusome kwa macho tu, chukua karatasi. Andika kura za wajumbe, wale wanaochaguliwa majimboni kumpigia rais kura, kwa wagombea wanne: Andrew Jackson 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Jumla 261, mshindi alitakiwa apate 131, hakuna aliyefika. Katiba inasema watatu wa juu wanapelekwa Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja bila kujali ukubwa wake, majimbo yalikuwa 24 kwa hiyo zinatakiwa 13. Kata jina la Clay, yeye alikuwa spika wa baraza hilo hilo, na akamuunga mkono Adams. Tarehe 9 Februari 1825 Adams akapata 13 kamili, halafu akamteua Clay kuwa waziri wa mambo ya nje, na watu wa Jackson wakapiga kelele za rushwa, kwamba Clay aliuza uungaji mkono wake apate cheo, miaka 4 mfululizo mpaka 1828 Jackson akamwangusha kwa 178 dhidi ya 83. Ushahidi wa kuuziana cheo haujapatikana, na wawili hao kweli walikubaliana mambo mengi kama barabara, mifereji na ushuru, lakini uteuzi ule ulimchafua vibaya na mi naona alikosea kabisa.

Urais wenyewe soma kitu kimoja tu, ujumbe wake kwa bunge wa Desemba 1825, aliomba chuo kikuu cha taifa na kituo cha kutazama nyota, bunge likamgomea. Udiplomasia ndo mtamu zaidi, mkataba wa Ghent 1814 uliomaliza vita na Uingereza, mkataba wa 1819 wa kuichukua Florida kutoka Hispania, na mkono wake kwenye tamko la Rais Monroe la 1823 lililozionya nchi za Ulaya zisiingilie mabara ya Amerika.

Mwisho kabisa shajara yake, aliianza 1779 akiwa na miaka 12, ni majuzuu 51, na Massachusetts Historical Society, jumuiya ya historia ya jimbo lake, wameiweka mtandaoni bure. Usiisome mfululizo, tafuta kwa tarehe. Anza na 9 Januari 1825, jioni Clay alipokuja kwake wakaongea kwa muda mrefu. Angalia ameandika kiasi gani kuhusu maongezi hayo, linganisha na kurasa za siku nyingine, kisha amua mwenyewe kuhusu ile habari ya rushwa.