Namna ya kutafuta misheni iliyopotea kwenye kitongoji cha ufukweni

Uingereza kuna vitongoji vya nyumba chache ambavyo zamani vilikuwa na abasia kubwa, yaani nyumba ya watawa. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alifunga nyumba za watawa zaidi ya 800. Madini ya risasi yaliyoezeka mapaa yaliyeyushwa, mawe yakauzwa, na mengine mpaka leo yako kwenye kuta za mazizi. Huku Ziwa Victoria nako mawe ya misheni ya zamani huishia kwenye misingi ya majirani, kwa hiyo tafuta huko kwanza.

Kabla ya kutoka Mwanza, shika tarehe. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alifika Kageye, Magu, Februari 1875. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walianza Bukumbi 1883. Alexander Mackay wa CMS (Church Missionary Society, wamisionari Waanglikana) alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, na mwaka 1927 mifupa yake ikahamishiwa Namirembe, Kampala. Unaposoma nyaraka, jaribu kila tahajia: Kageye ya leo Stanley aliiandika Kagehyi. Wengi hukosa kumbukumbu kwa sababu ya herufi moja tu. Barua za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na nyaraka za Mapadri Weupe ziko Roma.

Ukifika, pitia kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ndipo uende kwa wazee. Salimia kwanza kwa Kisukuma: mwangaluka, na usiharakishe. Usiulize, "Babu, hapa palikuwa na misheni?" Atakuitikia ndiyo kwa heshima tu. Uliza, "Mawe ya msingi wa nyumba hii yalitoka wapi?" Hapo utaoneshwa mahali kwa kidole.

Shambani, angalia miembe iliyopangwa mstari, na minyaa au katani inayokata kona bila sababu. Mawe ya Mwanza yapo kila mahali, hivyo jiwe peke yake si ushahidi. Tafuta alama za patasi na pembe iliyonyooshwa. Ukipata matofali ya kuchoma, pima kumi: urefu, upana na kimo, kwa milimita. Yakitofautiana kidogo kidogo, huenda yalifyatuliwa kwa mkono, lakini hata ya mwaka jana hufyatuliwa hivyo, kwa hiyo usikimbilie kutaja umri. Kudondosha ndimu kwenye udongo wa kuungia nako kunadanganya wengi: chokaa hutoa povu, ila saruji ya zamani nayo hutoa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni maji. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Ukifuata maelezo ya 1890 yanayosema "hatua kadhaa toka ufukweni", unaweza kuwa unatafuta mahali palipo chini ya maji, au ukapuuza kilima kilicho nyuma yako. Pima kutoka kwenye jabali lisilosogea.

Usichimbe, hata kwa jembe la mkono. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali, na kitu kikishang'olewa kwenye udongo wake hakisemi tena kilikuwa pamoja na nini. Piga picha ukiweka rula pembeni, soma nukta za mahali (GPS) kwenye simu, chora mchoro wenye mshale wa kaskazini, na uache nakala moja ofisi ya kijiji.