Kupima ukinzani wa supakondakta kwa waya nne, Nakuru

Naitrojeni ya maji si kitu kigeni Nakuru: ndimo daktari wa AI (upandikizaji wa mbegu) anamowekea mbegu za ng'ombe. Inatosha kupoza kidonge cha YBCO (kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni), ambacho huwa supakondakta, yaani hupoteza ukinzani wote wa umeme, kikishuka chini ya takriban kelvini 92.

Mita ya kawaida yenye waya mbili itakudanganya. Waya zake peke yake zina omu 0.2 hivi, na kidonge kina miliomu chache tu. Basi bandika waya nne nyembamba za shaba kwa mstari mmoja kwa rangi yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme (risasi ya kuchomelea haishiki kwenye kauri). Mbili za nje zipitishe mkondo: volti 5 kupitia kinzani cha omu 47, cha wati 2 kisichoke, zinatoa kama miliampia 100. Mbili za ndani zisome volteji. Kwa miliomu 5 utapata mikrovolti 500, kwa hivyo weka amplifaya (chipu ya kukuza volteji) ya INA128 yenye ukuzaji wa mara 1,000.

Kila usomaji, geuza mkondo usome tena, toa moja kwa nyingine, ugawe kwa mbili. Ncha moja ya waya ikiwa baridi na nyingine ina joto, huzaliwa volteji isiyotoka kwenye kidonge. Usipogeuza, ukinzani wako hautafika sufuri kamwe.

Bandika kidonge na kipimajoto cha Pt100 (cha platinamu, ambacho ukinzani wake huonyesha joto) kwenye kipande kimoja cha shaba, ukiteremshe polepole juu ya naitrojeni. Mpito, yaani pale kidonge kinapogeuka supakondakta, ukitokea kwenye joto tofauti unapopoza na unapopasha, ama unakimbia sana au Pt100 haijagusa vizuri. Kwenye kelvini 92 Pt100 itasoma omu 26.6. Ukiizamisha kabisa, usishangae kuona karibu 19.5 badala ya 20.3 ya vitabuni: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na huku naitrojeni huchemka kwenye kelvini 75.5 hivi, si 77.

Kifuniko cha chupa kiwe legevu, dirisha wazi. Lita moja hutoa karibu lita 700 za gesi, kwa hivyo usipande nayo matatu. Ukimaliza, kausha umande mara moja, uhifadhi kidonge pamoja na silika jeli. Maji huila YBCO, na usipofanya hivyo wiki ijayo mpito utakuwa umefifia.